Mabaki ya viwandani kama mbolea ya majani ya ng'ombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaoishi jirani na viwanda vya sukari, chai, kahawa na mkonge hurudia kuuliza, shambani na kwenye mikutano ya vikundi. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Ukiwa na haraka, soma la 3, la 15 na la 16 kabla ya kuita lori.

## Mambo ya msingi

1. Mabaki ya viwandani ni nini hasa?

Ni kile kinachobaki baada ya kiwanda kutoa bidhaa yake. Kwenye miwa hubaki tope la kuchujia, makapi, molasi na majivu ya bwela (mtambo wa kuchemshia maji). Kwenye kahawa kuna nyama ya tunda na maganda, kwenye chai majivu ya kuni, na machinjioni hubaki damu, mifupa na mavi ya tumboni. Mkonge ndio unaoshangaza wengi: katika jani zima, nyuzi ni kama asilimia 4 tu. Kinachobaki chote, maji na nyama ya jani, hutupwa. Hale mkoani Tanga walijenga mtambo wa kuzalisha bayogesi kwa mabaki hayo.

Hayo yote yalianza kama mimea au wanyama, na yana virutubisho vilivyotoka kwenye udongo wa mtu fulani. Mabaki ya viwanda vya rangi, betri, ngozi na plastiki ni habari nyingine kabisa (swali la 16).

2. Majani yanahitaji mbolea kweli? Mbona yanaota yenyewe porini?

Porini mnyama hula na kunya palepale. Ukikata majani ukayapeleka bandani, umehamisha rutuba. Mavi yakiishia kwenye migomba au kwa jirani anayelima mboga, shamba la majani linanyonywa mwaka hadi mwaka.

Piga hesabu. Ekari moja ya mabingobingo (Kenya wanayaita nepia) yaliyotunzwa vizuri inaweza kutoa tani 8 za majani makavu kwa mwaka. Kila tani huondoka na takribani kilo 16 za naitrojeni na kilo 20 au zaidi za potasiamu. Kwa hiyo ekari imetoa kilo 128 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23, maana yake umebeba zaidi ya mifuko mitano ya urea mgongoni na kuitoa shambani. Ndiyo sababu shina lililokuwa na machipukizi arobaini mwaka wa kwanza linabaki na kumi mwaka wa nne, na mwenyewe anasema mbegu imechoka. Mbegu haijachoka.

3. Nikipata mabaki, yote niyafanye mbolea?

Hapana. Jiulize kwanza kama ng'ombe anaweza kuyala. Machicha ya bia, mashudu ya pamba na alizeti, pumba na molasi ni chakula. Ukimwaga machicha mazuri shambani umetupa protini ambayo ingepita kwanza kwenye maziwa na kufika shambani baadaye ikiwa samadi. Machicha yaliyoota ukungu usimpe ng'ombe; hayo ndiyo ya kwenda kwenye mboji.

Tope la sukari, majivu, maganda ya kahawa na mabaki ya mkonge yaliyooza ndiyo ya shambani, si ya kulisha.

4. Wanasema kiwandani yanatolewa bure. Kuna gharama gani?

Lori. Tope bichi la sukari ni maji kwa asilimia 70 hivi. Ukikodi Fuso ya tani 7 unalipia usafiri wa karibu tani 5 za maji. Kwa aliye Kidatu au Muhoroni, karibu na lango la kiwanda, hesabu inakubali. Aliye kilomita 80 ajiulize mara mbili, au aombe lile la zamani lililokaa juani likakauka, ambalo kwa kila tani lina virutubisho zaidi.

Ongeza vibarua wa kupakua na kutawanya, na gharama ya kupima (swali la 15). Linganisha jumla na bei ya mifuko ya mbolea ya dukani, ukikumbuka kwamba mfuko wa dukani hauleti mboji kwenye udongo.

## Tope la kiwanda cha sukari

5. Hili tope jeusi linatoka wapi?

Miwa ikishakamuliwa, juisi huchemshwa na kutiwa chokaa ili uchafu ujikusanye na kuzama. Uchafu huo huchujwa, na kinachobaki juu ya chujio ndilo tope: udongo uliokuja na miwa, nta, nyuzi ndogo, sukari kidogo iliyoponyoka, fosforasi na ile chokaa. Kila tani 100 za miwa hutoa tani 3 hadi 4 za tope. Kiwanda kinachosaga maelfu ya tani kwa siku kina mlima wake nyuma ya uzio.

Ukilishika likiwa jipya lina uvuguvugu, linateleza kama grisi kwa sababu ya nta, na harufu yake ni ya miwa iliyochacha. Likikaa miezi mitatu hugeuka kuwa jeusi, hupukutika vidoleni na kunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua. Hilo la pili ndilo unalolitaka.

6. Niliweke bichi au nilioze kwanza?

Lioze. Tope bichi likirundikwa huchemka. Joto la ndani hupita nyuzi 60, na ukichomeka panga ukaacha dakika tano huwezi kushika bapa lake. Likimwagwa nene juu ya visiki vya mabingobingo linaunguza machipukizi, na ile nta hutengeneza gamba linalozuia maji kuingia. Inzi nao hufurahi.

Kulioza si kazi ngumu. Rundika kimo cha kiuno, upana wa hatua mbili, urefu upendao, mahali ambapo maji ya mvua hayapiti. Kama una samadi au majani makavu, panga tabaka kwa tabaka. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Chukua konzi moja ukamue: likitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha, likichuruzika, geuza ulianike, likivunjika kama vumbi, nyunyiza maji. Panga likitoka la baridi hata siku tatu baada ya kugeuza, limeiva. Kwa kawaida ni miezi miwili hadi minne.

Kuna wanaoliweka bichi kwenye mashimo kabla ya kupanda majani mapya, wakasubiri mwezi mzima ndipo wapande. Hilo linakubalika. Kosa ni kulimwaga juu ya majani yaliyo hai.

7. Niweke kiasi gani kwa ekari?

Anza na tani 5 kwa ekari kwa mwaka. Toroli la kilo 50 litawanye kwenye eneo la mita 6 kwa mita 6 na nusu. Ekari nzima itakula matoroli 100.

Tani 5 za tope lenye maji asilimia 70 zina mata kavu (uzito bila maji) tani moja na nusu. Kwa makadirio ya kawaida ya tope la miwa, hapo kuna naitrojeni inayokaribia mfuko mmoja wa urea na fosforasi inayozidi mfuko mmoja wa DAP. Hata hivyo naitrojeni hiyo haitoki yote mwaka wa kwanza, kwa kuwa vijidudu vya udongo huiachia polepole. Rudi kwenye swali la 2 uone pengo: majani yametoa naitrojeni ya mifuko zaidi ya mitano, tope limerudisha mmoja. Kwa hiyo tope ni la fosforasi, kalsiamu na mboji. Naitrojeni itoke kwenye mavi na mkojo wa banda lako, na kwenye desmodiamu au lusina (mimea ya jamii ya kunde) utakayopanda katikati ya mistari.

Kama shamba limewekwa tope miaka mitatu mfululizo, pumzisha na upime udongo. Fosforasi hujilimbikiza, na ikizidi huishia mtoni na mmomonyoko.

8. Niliweke lini, na baada ya siku ngapi naweza kukata au kulisha?

Weka mara tu baada ya kukata, ndani ya siku chache, mvua za mwanzo zikishalowesha ardhi. Usisubiri masika yachachamae, maana tope lote litaondoka na maji. Tawanya kati ya mistari, si juu ya kisiki, kisha lichanganye na udongo kwa jembe bila kukata mizizi.

Mabingobingo huwa tayari tena baada ya wiki 6 hadi 8, na muda huo unatosha. Tatizo liko kwenye malisho ya kuchungia, mfano boma la nyasi za Rhodes au brakaria, ambako ng'ombe huing'oa nyasi pamoja na kilichoshikana nayo. Hapo subiri wiki 4 na angalau mvua mbili za kuosha majani. Kwa mabaki yenye asili ya mnyama angalia swali la 17.

9. Nimeweka mabaki na majani yamekuwa ya njano badala ya kijani. Nimekosea wapi?

Mara nyingi umeweka kitu chenye kaboni nyingi na naitrojeni kidogo: makapi ya miwa, maranda ya mbao, au tope lililochanganyika na makapi. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni kujenga miili yao, na vinaikomba kwenye udongo kabla mizizi haijaipata. Ongeza mkojo wa ng'ombe uliozimuliwa, sehemu moja kwa maji sehemu tatu hivi, au urea kidogo, na ndani ya wiki mbili hadi tatu kijani kitarudi.

Usipoona mabadiliko, chuchumaa uangalie shina. Kama majani ni membamba, mafupi, shina limechipua kama kichaka kidogo na kila mkato linazidi kudumaa, huo ni ugonjwa wa kudumaa wa mabingobingo, ambao umeumiza sana wafugaji wa magharibi mwa Kenya na wa Uganda. Huenezwa na mdudu mdogo mrukaji na kwa vipando vyenye ugonjwa. Hakuna mbolea inayoutibu. Ng'oa shina pamoja na mizizi, na upande upya kwa vipando safi vya aina inayovumilia.

10. Kuna maji ya kahawia yanatoka kiwanda cha spiriti. Yanafaa?

Hiyo ni vinasi, inayobaki baada ya molasi kuchachushwa na kukenekwa. Kila lita ya spiriti huacha lita 10 hadi 15 za vinasi. Ina potasiamu nyingi na mboji iliyoyeyuka, lakini ina tindikali na huvuta hewa yote ya maji inapoingia mtoni, samaki wakafa. Brazili, baada ya mpango wao wa spiriti wa mwaka 1975, walijifunza hilo kwa uchungu. Baadaye serikali ikakataza kuimwaga mitoni, na mashamba ya miwa yakaanza kunyweshwa vinasi iliyopimwa kiasi.

Kwa mfugaji mwenye ekari mbili sishauri kuichota kwa madumu. Kiasi ni kigumu kukipima, udongo unaweza kujaa chumvi, na potasiamu ikizidi inaleta balaa la swali la 21. Brazili pia wamepata milipuko ya inzi wauma ng'ombe wanaozaliana kwenye mabaki ya miwa yaliyoloweshwa vinasi. Kama kiwanda kinaichanganya na tope na kuiozesha pamoja, mboji hiyo ni nzuri, ichukue.

## Majivu, kahawa, mkonge na mengineyo

11. Majivu ya kiwanda cha chai yanafaa kwa majani?

Yanafaa sana, hasa Mufindi, Njombe, Rungwe, Kericho na Limuru, kwa sababu maeneo ya chai yana udongo wenye tindikali. Majivu ya kuni ni chokaa yenye potashi ndani yake. Naitrojeni haimo, yote imeondoka na moshi.

Pima pH ya udongo (kipimo cha tindikali) kwanza. Ikiwa chini ya 5.5, weka nusu tani hadi tani moja kwa ekari, mara moja kila miaka miwili au mitatu. Nusu tani ni kama kikombe kimoja cha chai kwa kila mita ya mraba. Kama pH imefika 6.5 acha kabisa. Tawanya siku isiyo na upepo, ukiwa umefunga pua na macho, kwa maana majivu makavu yanachoma kama magadi makali.

Majivu ya makapi ya miwa ni dhaifu kuliko ya kuni. Sehemu kubwa ni silika, ile ile ya mchanga.

12. Naweza kuchanganya majivu na urea au samadi ili nifanye kazi mara moja?

Hapana. Ukivichanganya utasikia harufu kali ya mkojo ikipanda puani. Hiyo ndiyo naitrojeni yako inaondoka. Weka majivu kwanza, acha wiki mbili tatu na mvua ipite, ndipo ulete samadi au urea.

13. Maganda ya kahawa na mabaki ya mkonge je?

Nyama ya tunda la kahawa kutoka mitambo ya kumenya, Mbinga, Mbozi au Kilimanjaro, ina potasiamu nyingi na naitrojeni ya wastani. Bichi huchacha, hutoa maji meusi na huzuia mimea michanga kukua. Ioze miezi mitatu kwa utaratibu wa swali la 6. Maganda makavu ya kiwanda cha kukoboa yanaoza polepole. Yatandike bandani kwanza yanyonye mkojo, kisha yaende shambani.

Mabaki ya mkonge yakiwa mapya yana tindikali na utomvu unaowasha ngozi. Yaliyokaa mwaka kwenye lundo la zamani la shamba la mkonge hubadilika kuwa mboji ya kawaida. Toa nyuzi ndefu kabla ya kuyatawanya, kwa kuwa hunasa kwenye majani na ng'ombe akizimeza zinaweza kujiviringa tumboni.

14. Maranda ya mbao na maganda ya mpunga?

Ni matandiko ya banda, si mbolea. Yapite chini ya ng'ombe kwanza. Kuhusu maranda, hakikisha hayatoki kwenye mbao zilizotiwa dawa (swali la 16).

## Usalama wa ng'ombe, maziwa na mtu

15. Nitajuaje kama mzigo una sumu?

Kwa macho huwezi kujua yote, lakini kuna hatua ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua.

Anza na maswali kiwandani. Bwela linachoma nini, kuni tupu au na mabaki ya makreti, matairi na oili chafu? Maji ya kuosha mitambo yanaingia kwenye tope? Kuna karatasi ya maabara inayoonyesha virutubisho na metali nzito? Kiwanda kinachojua mabaki yake kitakuonyesha. Usipopata jibu, usipakie.

Kisha pitisha sumaku. Hili nalisema kwa uchungu. Nilipokea lori la majivu kutoka kiwanda kimoja kilichokuwa kikichoma makreti ya mbao, nikayatawanya kwa furaha kwa sababu yalikuwa laini na meupe. Miezi mitatu baadaye mtamba wangu aliyekuwa na mimba ya kwanza akaacha kula, akasimama amekunja mgongo, akiguna kila anaposhuka mteremko. Daktari wa mifugo alipompasua baada ya kufa alitoa msumari wa inchi mbili uliotoboa tumbo ukaelekea moyoni. Tulirudi shambani na sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye fimbo. Kwa mstari mmoja tu wa majani tulijaza nusu ya kopo la kilo. Tangu siku ile hakuna majivu yanayoingia shambani kwangu kabla ya kuchekechwa na kupitishiwa sumaku.

Tatu, jaribio la maharage. Chukua makopo mawili. Moja lijaze udongo wako mtupu, jingine udongo sehemu tatu na mabaki sehemu moja. Panda maharage kumi kila kopo, mwagilia sawa, subiri wiki tatu. Maharage ni mepesi kuonyesha chumvi, tindikali na mabaki ya dawa za magugu: hayataota, au majani yatajikunja kama kikombe. Yakiota sawasawa, hatua hiyo imepita.

Maharage hayaonyeshi risasi, kadimiamu wala aseniki. Hayo ni ya maabara. Tanzania peleka sampuli TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano au SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro. Kenya na Uganda, peleka kwenye taasisi zao za utafiti wa kilimo: KALRO Kabete na NARO Kawanda. Changanya vijiko kutoka sehemu kumi au zaidi za rundo, si kutoka juu tu. Kikundi cha wafugaji ishirini kinaweza kuchangia sampuli moja, maana mlima wa kiwanda ni uleule.

16. Yapi nisiguse kabisa?

Tope la viwanda vya ngozi, kwa sababu ya kromi. Majivu na maranda ya nguzo za umeme na mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki. Dawa hiyo haiungui, inabaki kwenye majivu ikiwa imekolea zaidi. Mafinga na kote kunakotengenezwa nguzo, uliza mara mbili. Vumbi la viwanda vya saruji vinavyochoma taka lisiguswe bila cheti cha maabara. Majivu ya makaa ya mawe pia, kwa boroni na aseniki. Mabaki ya mashamba ya maua usiyachukue kwa majani ya ng'ombe, kwa wingi wa dawa zinazopulizwa.

Tope la majitaka ya mjini lina sababu ya karibu zaidi nasi: mayai ya tegu. Ng'ombe akila majani yenye mayai hayo hupata malengelenge kwenye nyama, na mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri hupata tegu. Marekani wana somo jingine. Jimbo la Maine liliacha kwa miaka mingi mashamba ya malisho yatandazwe tope la majitaka na la viwanda vya karatasi, hadi ilipogundulika kwamba kemikali za PFAS, ambazo haziozi, zimeingia kwenye nyasi na kutoka kwenye maziwa. Mwaka 2022 jimbo hilo lilipiga marufuku kutandaza tope hilo. Kuna wafugaji waliolazimika kumwaga maziwa yao na kufunga mashamba, kwa mzigo walioambiwa ni mbolea nzuri ya bei nafuu.

17. Damu na mifupa kutoka machinjioni?

Unga wa damu uliokaushwa una naitrojeni asilimia 12 hivi, na unga wa mifupa una fosforasi nyingi. Ni mbolea nzuri ikiwa imepikwa kwa joto na kusagwa kiwandani. Mifupa mibichi iliyopondwa nyumbani inaweza kubeba mbegu za kimeta, ambazo hukaa kwenye udongo miaka na miaka; na kimeta tunacho Afrika Mashariki.

Ng'ombe asirambe wala kula unga huo. Uingereza, kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu, ilikataza mwaka 1988 kuwalisha ng'ombe protini ya wanyama wanaocheua, na sheria ya Umoja wa Ulaya inataka siku 21 zipite kabla ya kuchunga au kukata majani palipowekwa mbolea za asili ya mnyama zisizo samadi. Zifuate siku hizo 21 hata kama huku hakuna anayekuhesabia. Ng'ombe wenye upungufu wa fosforasi hutafuta mifupa kwa makusudi, kwa hiyo fukia mbolea hiyo ardhini.

Mavi ya tumboni ni mboji ya kawaida; yaozeshe kwa joto kama swali la 6.

18. Maziwa yatabadilika ladha?

Kwa mboji iliyoiva iliyowekwa kwa wakati (swali la 8), hapana. Harufu huingia kwenye maziwa pale ng'ombe anapokamuliwa karibu na rundo linalochacha, au majani yanapolishwa yakiwa na tope. Weka rundo mbali na banda, upande ambao upepo hautokei.

19. Nahitaji kibali?

Kuchukua kwa matumizi ya shamba lako, ongea na kiwanda na afisa mazingira wa wilaya. Kuuza kama mbolea ni jambo jingine: Tanzania, Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea na muuzaji wasajiliwe na TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea. Kenya, anayesafirisha taka anatakiwa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Usirundike karibu na maji. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa.

Afisa ugani wako aangalie na magugu. Gugu karoti linasambaa Arusha na kwingine, na mbegu zake husafiri kwenye magari ya mizigo. Kagua eneo la rundo kwa miezi miwili, na ung'oe lolote kabla halijatoa maua, ukivaa glavu.

## Maswali ya kona

20. Nasikia Ulaya waliweka mabaki ya chuma kwenye malisho. Na sisi tuchukue ya viwanda vya nondo?

Ni kweli waliweka, na ni kisa kizuri. Mwaka 1878 Mwingereza Sidney Gilchrist Thomas na binamu yake Percy Gilchrist walipata njia ya kutoa fosforasi kwenye chuma kwa kutumia chokaa. Yale mabaki yaliyoelea, yakisagwa, yalikuwa na fosforasi na chokaa pamoja. Huko Cockle Park, kaskazini mwa Uingereza, majaribio yaliyoanza miaka ya 1890 chini ya William Somerville yalionyesha kondoo wakinenepa kwenye nyasi ambazo awali zilikuwa duni. Kilichotokea hasa ni kwamba fosforasi iliamsha klova nyeupe, klova ikaleta naitrojeni, na nyasi zikafuata. Ndiyo sababu nasisitiza desmodiamu katika swali la 7: mabaki hufanya kazi kubwa zaidi yakikutana na mmea wa jamii ya kunde.

Lakini mabaki yale yalitokana na madini yenye fosforasi. Viwanda vyetu vya nondo huyeyusha vyuma chakavu kwenye tanuru za umeme. Mabaki yake hayana fosforasi ya maana, na yanaweza kuwa na zinki, risasi na kromi kutoka kwenye rangi na mabati. Usiyachukue. Hata kule Ulaya, mifugo iliyokula nyasi zenye vumbi la mabaki hayo kabla ya mvua kuziosha ilihara na mingine kufa.

21. Ng'ombe wangu ametetemeka na kuanguka baada ya kula majani ya shamba lenye mbolea nyingi. Ni sumu?

Mwite daktari wa mifugo sasa hivi, soma baadaye. Kuna mambo mawili ya kumwambia.

Kama uliweka majivu mengi, vinasi au maganda ya kahawa, potasiamu iliyozidi huzuia majani kuchukua magnesiamu. Ng'ombe anayekamuliwa sana hupungukiwa, anatetemeka misuli, anashtuka kwa mguso, anaanguka akipiga miguu. Hutibiwa kwa sindano ya magnesiamu na kalsiamu, ikiwahi.

Kama uliweka naitrojeni nyingi na ukame ukafuata, kisha mvua ya kwanza ikanyesha ukakata majani laini siku chache baadaye, fikiria naitreti. Anapumua kwa shida, ufizi unakuwa wa bluu au kijivu, na damu ina rangi ya chokoleti. Ondoa majani hayo mbele ya wengine wote. Nyakati kama hizo kata juu zaidi, kwa sababu naitreti hukaa sehemu ya chini ya shina, na changanya na nyasi kavu.

22. Nimeshatandaza mzigo na sasa nina mashaka nao. Nifanye nini?

Simamisha kukata kwenye eneo hilo na ulizungushie kamba. Kama mzigo bado uko juu, ukwangue kwa koleo na uurudishe kwenye mifuko. Mvua ikishauingiza, hutaupata. Chukua sampuli ya rundo lililobaki, ya udongo wa juu na ya majani, uziandike tarehe na jina la shamba, uzipeleke maabara kwa maelezo ya swali la 15.

Ikiwa ni dawa ya magugu au chumvi, mvua na muda vitasaidia; rudia jaribio la maharage kila msimu kwa udongo wa eneo hilo. Ikiwa ni metali nzito, udongo hautajisafisha. Kupandisha pH kwa chokaa hupunguza kadimiamu na risasi zinazoingia kwenye majani, ingawa aseniki haisikii chokaa. Kipande hicho ni bora ukipande miti ya mbao, uhamishe vipando vipya vya mabingobingo mahali pengine, na uwaambie wenzako wa kikundi siku hiyohiyo, kabla lori lilelile halijafika kwao.